Tunayafukuza Maji ya Mvua kama Mwizi

Mvua ikinyesha katika mji wetu wa Mwanza, jambo la kwanza analolishughulikia kila mwenye nyumba ni kuona kwamba maji yametoka kwake. Yamekwenda wapi, hilo si shauri lake. Wa mlimani huyasukumia kwa wa ubavuni mwa mlima, wa ubavuni huyasukumia kwa wa bondeni, na wa bondeni, kwa kuwa hana tena wa kumsukumia, hupandisha godoro juu ya meza akangojea kuche. Kukisha kucha tunakusanyika sote, tunatikisa vichwa, tunasema mafuriko yametuingilia. Nami kila nikilisikia neno hilo hunijia hamu ya kulipinga. Mafuriko mengi ya miji yetu tunayatengeneza wenyewe, kiwanja kwa kiwanja, kwa saruji tuliyoinunua kwa fedha zetu, halafu tunamsingizia Mwenyezi Mungu.

Dai langu ni moja, na nitalitetea hadi mwisho. Mji uliojengwa juu ya mawe na milima hauwezi kuokolewa na mitaro peke yake, hata mitaro hiyo iwe mikubwa namna gani. Kila kiwanja hakina budi kuishika mvua yake, yote au sehemu, kwa kadiri udongo wake unavyoruhusu. Na mabonde hayana budi kuachiwa maji, kwa sababu yalikuwa ya maji kabla hayajawa ya mtu. Kazi ya mtaro ni kupokea kilichozidi. Sisi tumeugeuza kuwa wa kupokea kila kitu, kisha tunashangaa unapotapika.

Ninaandika haya nikiwa Buswelu, na Buswelu ndiyo hasa inayonisukuma kuandika. Mwaka 2012 Ilemela ilipotengwa na Jiji la Mwanza na kuwa manispaa, makao makuu yake yaliwekwa hapa. Hapo zamani palikuwa pembezoni: mihogo na viazi vitamu juu, mpunga chini kwenye majaruba, na mipaka ya minyaa na mkonge baina ya kaya na kaya. Tangu wakati huo vimepimwa viwanja, zimechongwa barabara, zimesimama ofisi, maduka na nyumba nzuri za watu wenye kazi zao. Sichukii maendeleo hayo. Mtu aliyetumia maisha yake darasani akiwahimiza watoto waijenge nchi hawezi kulalamika wakiijenga. Ninachokipinga ni namna moja ya kujenga ambayo sasa imekuwa kama sare ya shule: ukuta kuzunguka kiwanja chote, pevingi kutoka kibarazani hadi getini, tundu limetobolewa chini ya ukuta, maji nje. Ua wa minyaa ulikuwa ukiyapunguza maji mwendo, ukiyachuja na kubakiza mchanga wake. Ukuta wa matofali huyakusanya maji ya kiwanja kizima na kuyatoa kwa tundu moja, yakiwa na nguvu ya kuchimba korongo kwa jirani.

Tufanye hesabu, na ni hesabu ya Darasa la Sita. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba huwa ni lita moja kamili ya maji. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30, yaani mita za mraba 600. Ikinyesha mvua ya milimita 40, ambayo mtu wa Mwanza hawezi kuiita ya ajabu, kiwanja hicho kimepokea lita 24,000, sawa na ndoo 1,200 za lita ishirini. Kikiwa na nyasi, mihogo na udongo wa kichanga, sehemu kubwa ya maji hayo huzama. Kikiwa bati na pevingi tupu, karibu yote hutoka nje. Viwanja mia moja vya namna hiyo katika mteremko mmoja hutoa lita 2,400,000, yaani maboza 240 ya lita elfu kumi kumi. Nakuomba, ndugu msomaji, uyapange maboza hayo barabarani kwa mawazo yako, kisha uyafungulie yote kwa pamoja katika muda wa saa moja, juu ya nyumba ya mtu mmoja. Ndivyo tunavyofanya kila masika na kila vuli.

Kijana mmoja, mwenye nyumba nzuri, alinikuta siku moja nimesimama nikitazama maji yakitoka chini ya ukuta wake na kuteremkia uani kwa mama mjane anayekaa chini yake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Maji haya yanakwenda wapi?"

"Mtaroni, mwalimu."

"Mtaro uko wapi?"

Akacheka kidogo. "Manispaa watauleta tu."

"Na mpaka watakapouleta?"

"Mzee wangu, mvua ni ya Mungu. Mimi sikuileta."

"Mvua ni ya Mungu, sikatai. Lakini Mungu aliinyesha juu ya kiwanja chako chote, tone hapa, tone pale. Aliyeikusanya na kuitoa kwa tundu moja ni wewe."

Hakukasirika, maana ni kijana mwenye adabu. Alisema tu kwamba alipokuwa akijenga hakuna mtu aliyemwambia. Nami namsadiki. Aliyeipitisha ramani yake alitazama idadi ya vyumba, akatazama choo kiko wapi, akatazama umbali wa ukuta kutoka barabarani. Swali la maji ya mvua halikuulizwa. Na halikuulizwa kwa sababu katika mpango wetu wa serikali maji hayo ni yatima. Maji ya bomba na maji taka yana mwenyewe, ni MWAUWASA. Barabara za mitaa na mitaro yake zina mwenyewe, ni TARURA, iliyoundwa mwaka 2017. Viwanja na vibali vya ujenzi vina mwenyewe, ni halmashauri. Mito ina bodi yake ya bonde. Lakini maji yaliyokwisha kudondoka kutoka batini na hayajafika mtaroni, hayo hayana baba wala mama. Mtoto asiyelelewa na mtu, baadaye hulilia mji mzima.

Anayetaka kuujua mwisho wa njia hii asiende mbali. Ateremke mjini akautazame Mto Mirongo. Huo ndio mto unaopokea maji ya milima iliyouzunguka mji, ukapita katikati ya watu na kuingia Ziwa Victoria. Watu walipanda milimani wakajenga baina ya mawe. Majani yakaondoka, miti ikakatwa, mawe yakapasuliwa kokoto. Wengine wakashuka wakajenga kando ya mto wenyewe. Kwa hiyo maji yanayoujia ni mengi kuliko zamani na yanakuja kwa haraka kuliko zamani, huku njia yake imebanwa pande zote mbili. Waulize wakazi wa Mabatini maana ya mbingu kufunga upande wa mlima. Hawaulizi kama mvua itafika kwao. Wanauliza itafika usiku au mchana.

Na huko ziwani tunakoyapeleka maji kwa haraka namna hii, tunapeleka nini? Tunapeleka mchanga, chupa za plastiki, mafuta ya magereji na yaliyomo katika vyoo vilivyofurika. Kisha tunakwenda kulichota ziwa hilo hilo, tunalisafisha kwa gharama, na kulirudisha mlimani kwa pampu ili tunywe. Magugu maji yaliyotuhangaisha tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 yalinenepa kwa sababu ziwa lilikuwa limekwisha kurutubishwa na uchafu wa nchi kavu. Tena ziwa lenyewe si shimo lisilojaa. Kati ya mwaka 1961 na 1964 lilipanda kwa zaidi ya mita mbili. Mwaka 2020 lilirudi tena kwenye kimo kile cha 1964, likameza mialo na nyumba za pwani katika nchi zote tatu zinazolizunguka. Ziwa likipanda, mdomo wa mtaro huwa chini ya maji, na mtaro ambao mdomo wake umezama hauwezi kumeza chochote. Mwenye kusema "tuyapeleke ziwani tu" aeleze siku hiyo atayapeleka wapi.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni mitaro mikubwa zaidi. Mitaro ni ya lazima, nami simo katika kundi la wanaoibeza. Mradi wa Uendelezaji wa Miji ya Kimkakati, ulioanza mwaka 2010 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uliiletea Mwanza barabara za lami na mitaro, na aliyekuwa akitembea katika matope hawezi kuusahau wema huo. Lakini mtaro hujengwa mara moja, na viwanja husakafiwa kila siku. Mhandisi aliyepima mtaro kwa maji ya mwaka ule hakupima maji ya pevingi za miaka kumi ijayo. Tukiupanua, viwanja vitazidi kusakafiwa, nao utakuwa mdogo tena. Ni sawa na mzazi anayemnunulia mtoto viatu kwa kipimo cha mwaka jana.

Halafu kuna mchanga, ambao wasiokuwa wa Mwanza hawaufahamu vema. Mawe yetu ni graniti, na graniti ikichakaa hutoa mchanga mzito wenye chembe kubwa. Maji yanayoteremka kwa kasi huubeba. Yakifika palipo tambarare hupunguza mwendo na kuutua. Ndiyo maana mtaro uliozibuliwa mwezi wa tatu huwa nusu umejaa mwezi wa tano. Vijana huuchota mchanga huo na kuuza kwa wanaojenga, na sheria haiwaoni kama wazibuaji bali kama wachuuzi. Wao angalau wanafanya kazi. Sisi wengine tunalaumu takataka peke yake, kana kwamba tukizoa mifuko na chupa mtaro utabaki wazi. Takataka ni dhambi yetu moja. Mchanga ni dhambi ya pili, nayo huanzia juu, mahali ambapo hakuna anayetazama.

Dawa ninayoitetea haikutoka ng'ambo. Wasukuma waliokaa katika nchi hii waliijua kwa majina ya udongo. Juu kabisa ni lugulu, mlima wa mawe. Chini yake huja isanga, mchanga mzito. Kisha luseni, mchanga laini zaidi. Halafu itogolo, udongo mgumu ambao chini yake kuna tabaka lisilopitisha maji. Na mwisho mbuga, udongo mweusi wa bondeni unaopasuka kiangazi na kunata masika. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha Amani kule Usambara, aliyaeleza mafungu ya namna hii katika Afrika Mashariki, akayapa jina la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Jina hilo likaenda vyuoni duniani kote. Mnyororo wenyewe bado uko chini ya miguu yetu, na tunaupimia viwanja kana kwamba nchi yote ni udongo mmoja.

Kumbe mnyororo huo ni ramani ya mji iliyokwisha kuchorwa. Juu ya lugulu maji hayazami, kwa hiyo hapo pawe na gata na matangi, na kuta fupi za mawe zilizopangwa kukata mteremko, ili mchanga ukae na miti ipate kushika. Kwenye isanga na luseni maji huzama vizuri, kwa hiyo hapo ndipo penye shimo la kunyonyea maji lililojazwa mawe, hapo ndipo penye bustani iliyochimbwa chini kidogo ya usawa wa njia, na hapo ndipo ambapo kusakafu uwanja mzima ni kuziba mdomo wa mtu mwenye kiu. Kwenye itogolo shimo halifai, kwa sababu maji yatagota kwenye tabaka gumu na kurudi juu. Hapo wazee waliweka majaruba, yaani waliyazuia maji yasambae na kutulia. Na mbuga ni kitanda cha maji. Mtu akijenga juu ya mbuga, nyumba yake hupasuka kiangazi na huogelea masika, na hakuna fundi wa kumlaumu.

Mimi na wenzangu wa rika langu tulipofundisha enzi za Elimu ya Kujitegemea, shamba la shule lilikuwa sehemu ya masomo, na mtoto alijifunza kwamba tuta hukata mteremko na halishuki nao. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, hapa jirani, kilikuwa kimefanya majaribio ya matuta yaliyofungwa: tuta na tuta huunganishwa kwa vituta vifupi, shamba lote likawa mabakuli madogo yanayoshika mvua mpaka izame. Kwa bahati mbaya serikali ya kikoloni ililifanya jambo hilo kuwa amri ya kiboko na faini, watu wakalichukia, na mkoloni alipoondoka tukaitupa elimu pamoja na kiboko. Lakini nenda Ukara, kisiwa kilichoko kaskazini ya Ukerewe. Wakara wamebanana juu ya ardhi kidogo ya mawe na mchanga kwa vizazi vingi, wakajenga kuta za mawe katika miteremko yao, wakalisha ng'ombe nyumbani na kurudisha samadi shambani. Hawakuwa na anasa ya kupoteza maji wala udongo. Je, sisi wa Buswelu tumeipata wapi anasa hiyo?

Najua majibu nitakayopewa. La kwanza ni mbu: ati maji yakishikwa yataleta malaria. Mbu huhitaji wiki moja hivi au zaidi tangu yai hadi aruke. Shimo la kunyonyea lililochimbwa vizuri kwenye mchanga hukauka kwa siku moja au mbili, na tangi lililofunikwa halimpi mbu mlango. Mazalio ya mbu tunayo tayari, nayo ni mitaro iliyoziba mchanga. Pawepo tahadhari moja tu: shimo hilo lisikaribiane na choo wala na msingi wa nyumba.

La pili ni gharama. Pevingi za uwanja mzima ni gharama pia, na hakuna aliyelalamika. Anayeacha theluthi moja ya kiwanja bila kusakafia amepunguza gharama, hakuiongeza. Tena Mwanza hupata mvua ya kama milimita 1,000 kwa mwaka. Bati la mita za mraba 120 hupokea lita 120,000. Toa sehemu ya tano iliyopotea, zinabaki lita 96,000, yaani ndoo 4,800. Siyo rahisi kuzihifadhi zote, lakini hata robo yake ni ndoo 1,200 ambazo mama hakuzinunua. Tunafukuza kwa pesa kitu ambacho wiki ijayo tutakitafuta kwa pesa.

La tatu ni kwamba waliojenga mabondeni ni wakaidi, wanastahili yanayowapata. Jibu hili hulisikia zaidi kwa watu wa mlimani. Dar es Salaam ilipofurika Desemba 2011, watu wapatao arobaini walipoteza maisha, na familia nyingi za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Wapo waliorudi bondeni. Ni ukaidi? Mtu hurudi palipo na kibarua, shule na soko. Maskini hujenga bondeni kwa sababu ndiko alikobakishiwa, na maji yanayomfuata huko yametoka juu, kwa wenye nafasi. Kumlaumu yeye peke yake ni kumlaumu aliyekanyagwa kwa kulala chini.

La nne, ambalo wasomi hulipenda, ni mabadiliko ya tabianchi. Nayakubali. Mvua za Katesh wilayani Hanang mnamo Desemba 2023, na mvua za masika ya 2024 zilizoua mamia ya watu katika nchi jirani ya Kenya, hazikuwa za mchezo. Lakini mvua zikizidi kuwa kali, hiyo ni sababu ya kuacha udongo wazi, si ya kuuziba. Na sitamdanganya msomaji kwamba dawa hii huponya kila ugonjwa. China ilichagua miji 16 mwaka 2015 ianze kujengwa upya ili inyonye maji kama sponji, na miji mingine ikafuata. Zhengzhou ni mmojawapo wa miji iliyotumia fedha nyingi kwa kazi hiyo. Julai 2021 ulipata zaidi ya milimita 200 za mvua kwa saa moja, na mamia ya watu wakafa katika jimbo lake. Hakuna bustani inayoweza kuimeza mvua ya namna hiyo. Ila mvua zinazotunyeshea kila mwaka, zinazoharibu barabara, kubomoa kuta za udongo na kufunga shule kwa siku mbili, hizo zinamezeka. Tusiache kujenga paa kwa sababu ipo siku ya kimbunga.

Sasa niseme ninachodai, maana lawama bila dai ni kelele. Kwanza, kibali cha kujenga kisitolewe kabla mwombaji hajaonyesha katika ramani yake maji ya bati na ya uwanja yatakaa wapi, na theluthi ya kiwanja ibaki udongo na majani. Pili, majaruba na mbuga zilizobaki upande wetu zichorwe katika ramani ya mji kuwa mahali pa maji, zisipimwe viwanja hata diwani gani aombe. Mpunga uendelee kulimwa humo, na watoto wacheze mpira humo kiangazi. Huo si upotevu wa ardhi. Tatu, majengo ya umma yatangulie. Jengo la madarasa matatu lenye bati la mita za mraba 200 hupokea lita 200,000 kwa mwaka, na shule nyingi zina majengo kadhaa ya namna hiyo bila gata, huku watoto wakija na madumu ya maji kutoka nyumbani na uwanja wa gwaride ukigeuka makorongo. Hakuna somo la mazingira litakalomwingia mtoto wa shule kama hiyo. Nne, anayetaka kusakafia kiwanja chote alipe. Ujerumani miji mingi humtoza mwenye kiwanja kwa kadiri ya eneo alilolizibia maji.

Nitaambiwa kwamba Watanzania hawafuati sheria za namna hiyo. Kweli, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na ufuo wa ziwa, na kila mwenye macho ameona inavyotendewa. Lakini tuliambiwa hivyo hivyo juu ya mifuko ya plastiki: ati biashara itakufa, ati mama wa sokoni hataweza, ati haiwezekani. Tarehe 1 Juni 2019 ikafika, mifuko ile ikapigwa marufuku, na mama wa sokoni akaweza. Jambo huwa haliwezekani mpaka serikali ikusudie na watu waelewe sababu yake.

Wasukuma walianzisha sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu walichoka kuibiwa ng'ombe. Yowe likipigwa kila mtu alitoka, wa juu na wa chini, na hakuna aliyesema mwizi huyu hakuingia kwangu. Kwa habari ya maji tunafanya kinyume. Tunalifukuza tone la mvua kama mwizi, na tunalikimbizia nyumbani kwa jirani.

Kando ya Mirongo kazi imekwisha kuwa ngumu, kwa sababu kila unachotaka kukirekebisha kina mtu anayelala ndani yake. Buswelu bado kuna majaruba, bado kuna mchanga ulio wazi, bado kuna viwanja ambavyo msingi haujachimbwa. Miaka kumi mingine ya sare hii ya ukuta na pevingi, nasi tutakuwa na Mirongo wetu, bila hata jina la mto. Basi wewe unayekusudia kujenga, kabla hujamwita fundi wa pevingi, teremka kwanza kwa jirani yako wa chini, mpe salamu, kisha muulize maji humfikia wapi mvua ikinyesha. Jibu lake ndilo ramani yako.